Vanishi ya transfoma
Vanishi ya transfoma ni kimiminika chenye utomvu kinachopenyezwa kati ya mizunguko ya koili ili, kikishakauka, kizishikamanishe nyaya, kizuie unyevu na kupunguza mtetemo. Huko Mkumbi na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ambako mvua za Desemba hadi Aprili huleta unyevu mwingi, kinga hiyo ina umuhimu wa pekee kwa transfoma kavu, kama zile za mashine za kuchomelea. Waya wa koili huwa tayari na enameli, yaani utando mwembamba unaozuia umeme kuvuja kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa kiyeyusho kikali kilichomo kwenye vanishi huweza kuulainisha utando huo, fundi hutangulia kuchovya kipande cha waya kwenye vanishi na kukikwaruza kwa ukucha. Koili hukaushwa kwa nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi, hupoa kiasi, huzamishwa kwenye vanishi hadi mapovu yaishe, huchuruzishwa, kisha huokwa bila kuzidi kiwango cha enameli, ambacho ni nyuzi 130 kwa daraja B na 155 kwa daraja F. Kazi hufanyika penye hewa ya kutosha na mbali na moto, kwa sababu mvuke wa vanishi huwaka na kudhuru mapafu, na umeme hauunganishwi kabla ya kupima ukinzani wa kihami.