Nusu Senti ya Mkulima

Serikali inaposema inamlipa mkulima, mkulima ni nani? Swali hili hunirudisha Poinsett, kaunti ya vijijini mashariki mwa Arkansas, Marekani, miaka ya 1930.

Bei ya pamba, iliyokuwa kama senti 17 kwa ratili mwaka 1929, ilikuwa imeanguka chini ya senti 7 kufikia 1932. Mei 1933, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaja na sheria mpya ya kilimo: pamba imezidi sokoni, basi wakulima walipwe ili wapunguze mashamba. Kwa kuwa ya mwaka ule ilikwisha kupandwa, takriban ekari milioni 10 zilipigwa plau na kufukiwa. Inasimuliwa kwamba baghala, waliofunzwa miaka yote kutokanyaga mistari ya pamba, waligoma kuikanyaga.

Aliyeshika plau mara nyingi hakuwa mwenye shamba. Familia nyingi, nyeusi kwa nyeupe, zililima kwa nusu. Tajiri alitoa ardhi, kibanda, mbegu na baghala. Wao walitoa jasho, kisha mavuno yakagawanywa. Chakula cha msimu walikikopa kwa riba kwenye duka la tajiri huyohuyo. Siku ya hesabu, daftari la duka liliimeza nusu yao.

Ukaja mkataba wa 1934 na 1935. Kwa kila ratili ya pamba ambayo isingelimwa, serikali ililipa senti 4 na nusu: senti 4 za mwenye shamba, nusu senti ya aliyelima kwa nusu. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara kinachonikera ni kwamba hakuna aliyehitaji kuiba. Mgawo wenyewe ulikuwa halali.

Tena shamba likipungua, mikono inayohitajika nayo hupungua. Kifungu cha 7 kiliwataka wenye mashamba wabaki na idadi ileile ya wapangaji kadiri ilivyowezekana. Maneno hayo ya mwisho yalitosha kuwa mlango, na familia zikatolewa humo na vyombo vyao.

Julai 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza, wazungu 11 na weusi 7 walikutana katika shule moja wakaunda chama cha wapangaji wa Kusini. Katika nchi ya ubaguzi, kuketi pamoja tu kulikuwa hatari. Mahakamani walishindwa. Huko Washington, wanasheria wa idara ya kilimo waliotafsiri kwamba wapangaji walewale lazima wabakizwe walifukuzwa kazi Februari 1935.

Haki isemwe: bei ya pamba ilipanda, na wenye mashamba wengi nao walikuwa wamekabwa na madeni ya benki. Ruzuku iliokoa watu. Ila iliwaokoa waliokuwa na ardhi ya kuwekea sahihi.

Ndiyo maana nikisikia ruzuku ya mbolea au mbegu ikitangazwa hapa kwetu, sianzi kwa kuuliza ni shilingi ngapi. Nauliza orodha imeandikwa kwa majina ya nani. Huku nako, mwenye hati na mwenye jembe mara nyingi ni watu wawili, na hundi humjua mmoja tu.