Siku ya Kwanza ya Mchezo mu Lubumbashi

Siku ya kwanza ya mchezo wa teatre ina desturi zake mu mji wetu. Viti vinaazimwa, vingine kwa parokia, vingine kwa jirani. Watoto wanaketi chini mbele kabisa, bamama nyuma yao, na vijana wanasimama kando ya ukuta. Saa iliyoandikwa kwenye tangazo inapita, na hakuna anayeshangaa. Halafu mchezaji wa kwanza anatoka, na hata hajafungua kinywa watu wanacheka, juu wamekwisha kumtambua. Akiuliza swali, kuko mtu atamjibu. Akitongoza bibi ya mwenzake, bamama watamkaripia. Akicheza vizuri, mtu atainuka kumbandikia feza kwenye paji la uso. Naye hawezi kujifanya sawa vile hakusikia: atajibu, na mchezo utashika njia nyingine.

Hii njo maana ya siku ya kwanza kwetu. Mu teatre ya kitabu, mchezo umemalizika mbele watazamaji hawajafika. Mu teatre ya Kiswahili cha Lubumbashi, wachezaji wanapatana juu ya habari, nani ataingia na nani atatoka, lakini maneno kila mmoja anayatafuta mwenyewe. Mchezo unamalizikia mbele ya watu.

Mfano mkubwa tunao. Kikundi cha Mufwankolo kilijulikana kwa watu wote wa Shaba, radioni na mu televizyo, kwa michezo juu ya ndoa, feza, pombe na ujirani. Mu mwaka 1986, Johannes Fabian, mtaalamu wa mila aliyekwisha kufundisha hapa Lubumbashi mbele, alisikia mezani neno lililosemwa kwa Kifaransa juu ya firigisi ya kuku: uwezo unaliwa mzima, haukatwi vipande. Akauliza wachezaji maana yake. Wao hawakumjibu kwa maneno matupu. Walibishana, wakajaribu, wakatunga mchezo wa sultani na watu wake. Ulichezwa mu kijiji cha Kawama, inje kidogo ya mji, na televizyo ikachukua picha.

Tukumbuke ile miaka. Mobutu alikuwa kwenye kiti tangu 1965, na chama kilikuwa kimoja tu. Kuuliza mbele ya watu kama uwezo unagawanywa ao haugawanywi, haikuwa mchezo mudogo. Lakini sultani wa mchezo ni sultani wa mchezo. Kila mtu alicheka, na kila mtu alirudi kwake na swali.

Kuko jambo lingine la kufikiri. Teatre kubwa ya mji, iliyomalizika kujengwa mu 1956 wakati Lubumbashi ingali ikiitwa Elisabethville, haikujengwa kwa ajili ya Kiswahili chetu. Baadaye ilipewa jina la Bâtiment du 30 Juin, na wabunge wa jimbo wakaketi humo. Wazee wetu wa teatre walizoea viwanja, mabaraza na studio. Pengine njo sababu mchezo wao ulibaki karibu na watu.

Lakini teatre isiyoandikwa inakufa haraka. Ule mchezo wa 1986 tunaweza kuusoma leo, neno kwa neno, kwa Kiswahili chetu, kwa kuwa Fabian aliunasa na akautia mu kitabu cha Kiingereza kilichotoka Marekani mu 1990. Tunamshukuru. Lakini tujiulize: michezo mingine iko wapi? Ile ambayo hakuna mgeni aliyekuja na kaseti? Imebaki mu vichwa vya wazee, na wazee wanatuacha.

Leo kila kijana ana telefone yenye kunasa sauti. Basi tukienda siku ya kwanza ya mchezo, tuombe ruhusa ya wachezaji, tunase, tuandike siku, pahali na majina ya wote waliocheza. Tusisahau kunasa sauti za watazamaji pia. Yule mama anayekaripia toka nyuma, naye ni mmoja wa watungaji.