Hofu, Msongo na Malezi ya Baba kwa Panya Dume: Historia ya Dhana Iliyorithiwa, 1936–2013

Uhusiano kati ya msongo, wasiwasi na malezi ya baba kwa wanyama wagugunaji ni mada changa katika historia ya sayansi ya tabia. Uchanga huo haukutokana na uhaba wa panya maabarani, bali na aina ya panya waliochaguliwa. Insha hii inaonyesha jinsi dhana iliyoundwa kwa kuchunguza panya jike ilivyohamishiwa kwa dume, na jinsi ilivyolazimika kurekebishwa ilipojaribiwa kwa spishi ambazo baba hulea. Hoja inayotetewa ni kwamba kupungua kwa hofu huandamana na ubaba katika baadhi ya spishi, lakini ushahidi wa kipindi hiki hauthibitishi kwamba ndiko kunakozaa ubaba.

Chimbuko la dhana hiyo ni mikondo miwili iliyoanza mbalimbali. Mkondo wa kwanza ni ule wa fiziolojia ya msongo. Mwaka 1936, Hans Selye alieleza katika jarida la Nature kwamba panya waliodhuriwa kwa njia tofauti, kama vile baridi, majeraha au sumu, walionyesha mabadiliko yanayofanana, likiwemo kukua kwa tezi za adrenali. Mkondo wa pili ni ule wa malezi. Mwaka 1967, Jay Rosenblatt alionyesha katika jarida la Science kwamba panya jike ambao hawajazaa, na hata panya dume, huanza kulea wakiwekwa pamoja na watoto wachanga kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo uwezo wa kulea ulikuwamo pia ndani ya dume. Lililobaki ni kueleza kilichouzuia.

Jibu lililopata nguvu lilitokana na jike. Mwaka 1981, Alison Fleming na mwenzake Luebke walidai kwamba woga ndio unaomzuia jike ambaye hajazaa kuwa mama mwema: mtoto mchanga ni kitu kigeni, na panya huogopa vitu vigeni. Dhana hiyo ilikuwa nyepesi kueleweka na ilipimika. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kizuizi hichohicho kilikuwa kwa dume.

Hata hivyo, panya wa kawaida wa maabara alikuwa shahidi dhaifu kuhusu ubaba, kwa kuwa katika mazingira asilia dume wa spishi hiyo halei. Kwa panya mdogo wa nyumbani, swali kubwa lilikuwa kwa nini dume huua watoto. Mwaka 1982, Frederick vom Saal na Lynn Howard walionyesha kwamba dume wa spishi hiyo huacha kuua watoto kwa kipindi fulani baada ya kujamiiana. Ugunduzi huo ulidokeza kwamba mabadiliko ya dume yanaweza kuongozwa na historia yake ya uzazi, wala si kiwango cha woga wake pekee.

Mwelekeo ulibadilika watafiti walipogeukia spishi ambazo dume hukaa na jike na kulea naye. Spishi za namna hiyo ni chache. Kwa kawaida hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10 ya mamalia wote. Huko Illinois, Marekani, Lowell Getz alibaini kwamba panya wa mbuga za majani, Microtus ochrogaster, walinaswa mara kwa mara dume na jike pamoja. Kwa upande wa panya wa California, Peromyscus californicus, David Gubernick na Taye Teferi walionyesha mwaka 2000 kwamba baba alipoondolewa porini, watoto wachache zaidi walinusurika. Ubaba sasa ulikuwa na uzito wa uhai na kifo.

Kwa wanyama hawa, matarajio kwamba msongo huvunja uhusiano yalipingwa mapema. Mwaka 1996, Courtney DeVries na wenzake waliripoti kwamba panya dume wa mbuga aliyelazimishwa kuogelea alifungamana na jike kwa urahisi zaidi, ilhali jike aliyefanyiwa hivyo alizuilika. Mwaka 2006, Karen Bales na wenzake waliona tofauti kama hiyo katika malezi: baada ya kuogelea, dume ambao hawajawahi kuzaa waliwakumbatia watoto zaidi, huku jike wasibadilike.

Matokeo ya panya wa California yalitatiza dhana hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 2011, kundi la Wendy Saltzman liliwadunga baba homoni ya kortikosteroni, na malezi yao hayakubadilika. Mwaka 2012, kundi hilo lilionyesha kwamba kuwajali watoto huandamana na kupungua kwa hofu ya vitu vigeni, lakini hakutokani nako. Mwaka 2013, msongo wa aina mbalimbali uliorudiwa kwa siku kadhaa ulibadilisha tabia ya baba, lakini ukuaji wa watoto haukuathirika. Mwaka huohuo, Claudia Lieberwirth na wenzake waliripoti kwamba ubaba wenyewe uliongeza dalili za wasiwasi kwa panya wa mbuga. Mnyama huyu alilea huku akiwa na wasiwasi zaidi, kinyume kabisa na utabiri wa dhana ya 1981.

Kutokana na mfuatano huu, neno "msongo" halipaswi kutumiwa kana kwamba lina maana moja. Msongo wa dakika chache, msongo wa siku nyingi, homoni inayodungwa na wasiwasi unaopimwa kwa tabia ni mambo manne tofauti, na kila moja lilitoa jibu lake. Aidha, jinsia na spishi ziliweza kugeuza mwelekeo wa matokeo. Tahadhari hii ni ya lazima zaidi pale matokeo ya panya yanapotumiwa kueleza akina baba wa kibinadamu wanaoishi katika dhiki. Historia iliyofuatiliwa hapa haitoi msingi wa kudai kwamba baba mwenye wasiwasi ni baba asiyeweza kulea.