Sponji ya magodoro kutokana na mafuta ya mbarika

Sponji ya magodoro na viti, yaani povu la poliurethani, hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali mbili za majimaji: polioli na isosianeti. Kwa kawaida zote hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Maji kidogo yanapoongezwa hutokea gesi ya kaboni dioksaidi, na mchanganyiko huumuka kama unga wa maandazi.

Polioli inaweza pia kutokana na mimea. Mafuta ya soya hubadilishwa kwanza kiwandani. Ford iliyatumia katika viti vya gari la Mustang la mwaka 2008. Mafuta ya mbarika (nyonyo) hayahitaji kubadilishwa. Hata hivyo, isosianeti bado hutokana na petroli, hivyo sponji hiyo si ya mimea yote.

Kwa wafanyabiashara wa Sikuda, wilaya ya Busia nchini Uganda, wanaovusha mizigo Busia au Malaba, kila hatua ina nambari yake ya forodha:

- Mbegu za mbarika: 1207.30
- Mafuta ya mbarika: 1515.30
- Isosianeti: 2929.10
- Godoro la sponji: 9404.21

Katika usafirishaji, mbegu za mbarika na mashudu yasiyopashwa joto vya kutosha ni mzigo wa hatari, UN 2969, kutokana na sumu ya risini. Isosianeti aina ya TDI ni UN 2078. Mafuta yaliyokamuliwa hayamo katika orodha hiyo.

Wenye malori wanashauriwa wasipakie mbegu hizo pamoja na mahindi au chakula cha mifugo. Chache tu zikitafunwa zinaweza kuua.