Soko halikuanguka, hesabu njo ilianguka



Wengi kati yetu leo tuko na telefoni mkononi, tunafuata bei za masoko: mstari wa kijani unapanda, mwekundu unashuka. Siku moja programu inajizima yenyewe. Siku ingine mstari unaanguka mupaka chini kabisa, kisha kidogo unarudi juu kama hakuna kitu kilichopita. Mutu anashtuka, anauza haraka, na feza ya minerval inaenda. Swali la kwanza lingekuwa hili: bei njo imeanguka, ama ni picha ya bei tu? Historia inatuonyesha muji moja ambako jibu lilikawia kupatikana miezi 22.

Soko la hisa la Vancouver, kule Kanada, lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Lilijulikana sana kwa makampuni madogo ya kutafuta madini na mafuta, mambo ambayo sisi watu wa Katanga na Kivu hatuna haja ya kufundishwa. Januari 1982 wakaanzisha fahirisi mpya, ni kusema namba moja inayojumlisha mwendo wa hisa zote za soko. Waliiweka ianze kwa 1000,000. Ordinatere ilikuwa inaihesabu upya kila mara hisa inapouzwa, karibu mara 3 000 kwa siku.

Fahirisi ikaanza kushuka. Polepole, lakini bila kupumzika. Ijumaa tarehe 25 novemba 1983 ilifunga kwa 524,811. Mwenye kuangalia grafiki peke yake angesema soko limepoteza karibu nusu ya mali yake. Lakini ukichukua bei za hisa zenyewe, moja moja, hazikuwa zimeanguka vile. Bei zilisema hivi, grafiki ilisema vile.

Juu ya nini? Programu ilikuwa inatunza tarakimu tatu tu nyuma ya mkato. Hesabu ikitoa 1000,5678, ilipaswa kuandika 1000,568, namba iliyo karibu zaidi. Yenyewe ilikuwa inakata tu mkia na kuandika 1000,567. Utasema: hiyo ni kitu gani? Ni chini ya elfu moja ya pointi! Kweli. Lakini fikiria mwenye kubadilisha feza pale barabarani, ambaye kila mara anakukata franka chache na harudishi hata siku moja. Kama angekuwa anakosea mara kwa faida yako, mara kwa faida yake, mwishoni mungekuwa karibu sawa. Huyu anakosea upande mmoja tu. Mara 3 000 kwa siku, fahirisi ilikuwa inapoteza zaidi ya pointi moja, na kwa mwezi karibu pointi 25.

Kosa la pili lilikuwa baya kushinda lile. Kila hesabu mpya ilianzia kwenye jibu la hesabu iliyotangulia, si kwenye bei zenyewe. Njo maana kosa la asubuhi lililala ndani, likaamka kesho na kuzaa lingine. Kama wangerudi kila jioni kwenye bei za hisa na kuhesabu upya toka mwanzo, uharibifu ungefutika siku ileile.

Mwishoni wakafanya hivyo. Jumatatu tarehe 28 novemba 1983 soko lilifunguliwa na fahirisi iliyosahihishwa: 1098,892. Kutoka Ijumaa mupaka Jumatatu namba imekuwa zaidi ya mara mbili, na hakuna hata hisa moja iliyouzwa katikati.

Tusiseme ni mambo ya zamani. Tarehe 20 aprili 2020, wakati wa Corona, mkataba wa mafuta ya Marekani wa mwezi wa tano ulifunga kwa dola -37,63 kwa pipa. Bei chini ya sufuri! Programu ya dalali mmoja wa Marekani haikutengenezwa kwa bei ya namna hiyo. Wateja waliona bei imefika karibu na sufuri, wakanunua wakidhani hakuna chini zaidi, kumbe chini ilikuwapo. Vancouver ilikosea hesabu. Hawa walikosea kwa kudhani kitu fulani hakiwezi kufika.

Basi tufanye nini? Grafiki ikiruka ghafla, usiuze kwanza. Linganisha na chanzo kingine cha bei. Uliza kama kampuni imegawanya hisa zake: Apple iligawanya kila hisa kuwa saba mwezi wa sita 2014, na kwenye grafiki isiyorekebishwa ilionekana kama imeanguka kutoka zaidi ya dola 640 mupaka karibu 92, wakati hakuna mutu aliyepoteza kitu. Programu ikiendelea kujizima, pengine faili iliyotunzwa imeharibika. Ifute, upakue data upya toka kwenye chanzo. Na kama uliandika hesabu zako mwenyewe, tunza bei za asili pembeni, usiziguse.

Shaba ya kwetu nayo bei yake inafuata soko la London, namba kwenye ekra. Kesho baadhi yetu tutakaa kwenye biro ambako namba hizo zinasomwa na mikataba inasainiwa. Mutu asiyejua kurudi nyuma ya grafiki atasaini kile ambacho mashine imemwambia.