Sukari Iliyoionyesha Dawa Njia

Leo tutasema habari za ugonjwa mmoja ambao watu walikaa miaka 109 tangu kuuona mpaka kuupatia dawa.

Mwaka 1882, huko Paris, Ufaransa, kijana aliyekuwa akisomea udaktari, Philippe Gaucher, aliandika habari za mwanamke ambaye bandama lake lilivimba kupita kiasi. Ndani yake aliona chembe za mwili zilizonenepa ajabu. Alidhani ni kansa. Alikosea, lakini ugonjwa ukaitwa kwa jina lake.

Sababu ilijulikana mwaka 1965. Dakta Roscoe Brady na wenzake, huko Bethesda, Marekani, waligundua kwamba wagonjwa hao wana upungufu wa kimeng'enya kimoja. Kimeng'enya ni protini ifanyayo kazi mwilini, kama kukata vitu au kuviunga. Hiki hukata mafuta ya aina fulani yatokayo katika chembe za damu zilizochakaa. Kikipungua, mafuta hujazana ndani ya zile chembe zinazokula taka za mwili. Ndipo bandama na ini huvimba, damu hupungua, na mifupa huuma hata kuvunjika.

Basi tiba ilionekana nyepesi: mtu amekosa kimeng'enya, apewe. Brady alikitoa katika kondo la nyuma, lile linalotupwa mama akiisha kujifungua. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa kwanza walitiwa dawa hiyo mishipani. Wengine walipata nafuu kidogo, wengine hawakupata. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa ikiingia katika chembe za ini zisizoihitaji.

Kwa nini? Hapa ndipo sukari inapoingia, wala sisemi ile ya chai. Protini nyingi zitokazo nje ya chembe hufungwa vishada vya sukari zingali ndani, zikitengenezwa. Vishada huisaidia protini kujikunja ipate umbo lake. Isiyojikunja vema huzuiliwa isitoke, kisha huvunjwa. Kimeng'enya chetu nacho, kikikosa vishada kabisa, hakifanyi kazi. Tena sukari iliyo nchani mwa kishada ni kama anwani mnayojifunza kuandika juu ya bahasha.

Jambo hili la anwani lilionekana kwa namna ya ajabu. Katika miaka ya 1960 Gilbert Ashwell na Anatol Morell walikuwa wakichunguza protini ya damu ichukuayo shaba. Waliinyofoa sukari ya nchani, iitwayo asidi ya siali, wakaitia protini hiyo katika damu ya sungura. Protini nzima hudumu siku kadhaa. Hii ilitoweka kwa dakika chache! Walipoitafuta waliikuta katika ini. Sukari iliyobaki wazi, galaktosi, ndiyo chembe za ini huikamata.

Chembe zile zinazokula taka hukamata sukari nyingine, manosi, nayo imefichika chini zaidi. Kwa hiyo kundi la Brady walivinyoa vishada vya dawa yao kwa vimeng'enya vitatu, kimoja baada ya kingine, hata manosi ikabaki juu. Kimeng'enya kukinyoa kimeng'enya kingine! Mimi hustaajabu kila nisomapo habari hii. Mwaka 1991 ilitangazwa kwamba wagonjwa 12 walipewa dawa hiyo. Wote 12 damu iliongezeka na bandama likapungua. Mwaka huohuo Marekani ikaruhusu dawa itumike.

Lakini mgonjwa mmoja alihitaji maelfu ya makondo kwa mwaka. Tangu 1994 kimeng'enya kimetengenezwa katika chembe za mnyama kama panya, zikuzwazo katika mapipa, nacho bado kilipaswa kunyolewa. Mwaka 2012 ikaruhusiwa dawa itokayo katika chembe za karoti, ambayo manosi iko wazi bila kunyolewa. Dawa hizi zote ni ghali mno, na wagonjwa wengi duniani hawazipati.

Sasa fungeni redio, mjibu daftarini: dawa ya kwanza ilikuwa na kimeng'enya kizima, mbona haikufika ilikotumwa?