Faraja ya Mwezi wa Senene

Ijuganyondo, kata ya Bukoba, tangu zamani haikuletewa Desemba yenye theluji na giza la mchana kama Ulaya, bali mvua, senene (panzi wanaoliwa), na jamaa waliorejea migombani kutoka Mwanza na Dar es Salaam kwa ajili ya Noeli; na kwa kuwa marejeo hayo ndiyo yaliyodhihirisha nani hayupo, furaha ya sikukuu aghalabu iliandamana na simanzi.

Simanzi hiyo ilikuwa na vyanzo vyake. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliivamia Kagera, mkoa ulimo Bukoba, na Noeli ikawakuta watu vitani. Mwaka 1983 wakatambuliwa mkoani humu wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini, maradhi yaliyoacha mayatima wengi. Na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi likabomoa nyumba nyingi.

Lakini wazee waliijua dawa ya majonzi hayo, nayo ni kutomwacha mfiwa peke yake: jirani huingia, hupokewa kwa kahawa ya kutafuna, huketi na kusikiliza, na marehemu hukumbukwa kaburini, ndani ya kibanja chenyewe, yaani shamba la migomba la familia. Hekima hiyo ni amana, nasi tuna wajibu wa kuihifadhi.